Honi ya Kurudi Nyumbani

Mtaani kwetu Kinyerezi tulimwita Dereva, na kila mgeni aliyehamia aliuliza gari lake liko wapi. Hakuwa na gari. Hakuwa hata na leseni ya bajaji, na kuvuka barabara ya lami pale kituoni kulimchukua muda mrefu kuliko bibi yeyote mwenye fimbo. Alisimama ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi nyuma hatua moja, akaanza upya.

"Gari halina reli," aliniambia siku niliyomcheka. "Linaweza kwenda popote. Mtu unakiaminije kitu kama hicho?"

Alikuwa ameendesha treni maisha yake yote ya kazi, za mizigo na za abiria, kutoka hapa hadi bara na kurudi. Koti lake la kazi alilivaa mpaka kwenye joto la Februari, vifungo vyote vimefungwa. Ukimpigia simu hasemi "haloo", anasema "pita." Akikubaliana na jambo anasema "njia ipo wazi." Na kwa kila balaa la duniani, iwe ndoa ya mtu imevunjika au paa la jirani limeezuliwa, alikuwa na neno lake moja: "Breki ni mapema." Alilisema msibani, akalisema kwenye kikao cha harusi, akamwambia hata mwenyekiti wa mtaa mbele za watu. Lilikuwa linaniudhi. Mtu ameshaanguka, wewe unamweleza habari za breki.

Mimi ni fundi simu. Nina meza na kabati la kioo Buguruni, na ni mwanamke peke yangu katika mstari ule, kwa hiyo wateja wa mara ya kwanza huniuliza fundi yuko wapi. Dereva naye aliuliza hivyohivyo, ingawa nyumba zetu zinatazamana na asubuhi ileile tulikuwa tumesalimiana getini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Si ndiye mie."

Akanitazama, akatazama kiti cha jirani yangu ambacho kilikuwa kitupu, akanitazama tena. "Basi kaa vizuri," akasema. "Kazi yenyewe si ya simu."

Akaweka boksi mezani, akafunua kanga iliyokuwa juu yake. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni, kitoto, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mabehewa yake manne, na reli za kuunganisha zikawa duara. Alipewa zawadi alipostaafu, na mhandisi mmoja wa kigeni aliyefanya naye kazi. Kilikuwa kinatembea, mota yake nzima kabisa, ila hakikuwa na sauti wala taa. Dereva alitaka nikifanye kilie na kiwake. Nikadhani ni mambo ya wajukuu, nikamwambia aache nitaangalia nikipata nafasi. Akasema haachi, anakaa. Akakaa kweli, na tangu siku hiyo akawa wa kwanza kufika pale, mara nyingi kabla yangu, saa yake ameishika mkononi, ananitazama nikifungua kufuli kana kwamba nimechelewesha abiria.

Sababu alinieleza baadaye, na niiseme mapema kwa kuwa ndiyo iliyoendesha kila kitu. Alitaka mkewe amtambue, hata mara moja tu, kabla hajafa.

Mama Rehema nilimjua akiwa mzima. Mwanamke wa maneno machache, mcheshi kwa macho, hodari wa kupika samaki wa nazi. Kwanza kilikuja kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Halafu ukaja ugonjwa wa kusahau, na huo ulianzia mwisho ukawa unarudi nyuma. Akaisahau nyumba ya Kinyerezi. Akasahau kwamba mumewe amestaafu. Akasahau harusi ya Rehema, binti yao pekee, ambaye sasa yuko Mwanza na familia yake. Mwishowe akawa anaishi Buguruni ya zamani, katika vile vyumba viwili walivyopanga kando ya reli walipokuwa vijana, na mumewe yuko safarini. Hata yule mumewe aliyekuwa akimwogesha, akimbadilisha nguo, akimlisha uji, alikuwa kwake mgeni. Tena alimpokea kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyokuwa ikimuumiza Dereva.

"Karibu uketi," alikuwa akimwambia. "Mwenyewe yupo kazini. Sidhani kama anarudi leo."

"Mimi ndiye mwenyewe, mke wangu."

"Haya baba. Utamsubiri?"

Nimelisikia hilo kwa masikio yangu siyo mara moja. Dereva alijibu kwamba atasubiri, akavuta kiti, akakaa kumsubiri yeye mwenyewe. Nilikuwa nikitoka pale najifanya nimeunguza kitu jikoni kwangu.

Sasa habari ya honi. Madereva wa zamani, alivyonieleza, kila mmoja alikuwa na honi yake ya nyumbani. Wake zao waliishi kando ya njia, na mume akikaribia anapiga kwa mtindo wake, na mke anajua. Yake ilikuwa mbili fupi, moja ndefu, halafu kipande kifupi mwishoni, kama kikohozi. Treni ikitoka bara inashuka Pugu, inapita Vingunguti, na ikikaribia nyumba yao anapiga. Kutoka hapo bado aifikishe treni stesheni, akabidhi, asaini, ndipo aanze kurudi kwa miguu. Akifika, maji ya kuoga ni ya moto na chakula kimefunikwa. Wakubwa wake walimwonya kwamba honi ni kwa ajili ya usalama, si kwa ajili ya mapenzi. Aliendelea kupiga.

"Nilikuwa nampa saa nzima," alisema. "Mwanamke ashtukizwe kwa nini? Mimi si polisi."

Hadithi hiyo aliisimulia kila mahali. Kwenye jumuiya yao ya kanisa walimfanya mfano; vijana wanaokaribia kufunga ndoa waliletwa kwake awaeleze honi ya Buguruni, nao walicheka na kupiga makofi, wasichana wakawatazama wachumba wao kwa jicho la kudai. Na kweli ilikuwa hadithi tamu. Mimi sijaolewa, na siku za kwanza niliposikia nilienda nyumbani nikawa mnyonge bila sababu.

Kuna mengine hakuyasimulia jumuiyani. Siku moja nilimuuliza, kwa ujinga wangu tu, kama aliwahi kugonga mtu. Nilikuwa nachomelea waya, sikumtazama.

"Treni haisimami pale unapotaka," akasema. "Unapiga honi. Unapiga, unapiga. Wengine wanatoka. Wengine wamekaa wamekupa mgongo, wameshaamua." Akalichukua koleo langu dogo akawa analifungua na kulifunga. "Honi zangu zote zilikuwa za kufukuza watu njiani, fundi. Ile ya Buguruni tu ndiyo niliyopiga kwa furaha."

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, nisije nikampamba. Kwa mkewe alikuwa laini kama pamba, kwa wengine alikuwa mkali bila sababu. Mkwewe alipokuja kutoka Mwanza alimweka sebuleni muda mrefu bila hata maji, kwa kuwa alichelewa. Tatu, mama wa makamo aliyekuwa akija mchana kumsaidia mgonjwa, aliacha kazi mara mbili akarudi mara mbili. Ile mitambo ya umeme wa gesi huku kwetu, ambayo muungurumo wake sisi tumeshauzoea hatuusikii, yeye ilimkera mchana kutwa. Alisema ni injini inayounguruma bila kwenda popote, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo aone aibu. Treni mpya ya umeme aligoma kuipanda. Rehema alimtumia tiketi akairudisha. "Inapita kimya kama mwizi," alisema. Nikamwambia mzee, ni haraka, ni safi, ina kiyoyozi. Akasema jeneza nalo ni safi.

Kazi yenyewe ilitutoa jasho. Bodi ya sauti niliagiza kupitia wakala wa Kariakoo anayeleta vitu kutoka China, kidude kidogo kuliko laini ya simu. Kinachukua umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, kinaendesha mota, kinawasha taa, na kinatoa sauti uliyoipakia ndani yake. Unavibonyeza vyote kwa rimoti. Sharti lake moja ni kwamba mota isigusane na chuma cha fremu. Nilimwambia Dereva hilo kwa Kiswahili chepesi kabisa. Akanijibu kwamba injini haziogopi, amezijua kabla sijazaliwa. Nilipokwenda kununua chai, akaifunga mwenyewe na kuiweka relini. Niliporudi kulikuwa na kamstari ka moshi na harufu ile ambayo fundi yeyote anaijua.

"Imekufa?" akauliza.

"Imekufa, mzee."

Akavua kofia. Nakwambia alivua kofia, akasimama wima mbele ya meza yangu, wapita njia wakafikiri nina msiba. Ya pili niliifunga mimi, nikakinga mota kwa plastiki ya kubandika kwenye vioo vya simu, naye akashika mikono nyuma wakati wote.

Spika ya simu ukiiacha wazi inalia kama mbu. Inataka kaboksi ka kushikilia sauti, kwa hiyo tuligundisha spika kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, ikapata kifua. Kapasita niliweka ili treni isikate sauti kila magurudumu yanapokutana na vumbi. Taa ndizo zilizoleta ugomvi. Vitaa vya LED vinatoa mwanga mweupe wa kibuluu, naye alipouona akasema hiyo ni taa ya duka la dawa. Taa ya treni yake ilikuwa ya njano, nzito, iliyochoka. Nikajaribu karatasi ya peremende, hapana. Nikajaribu kalamu ya rangi, hapana. Mwisho nikatoa rangi yangu ya kucha, njano na nyekundu kidogo, nikapaka tabaka moja juu ya jingine mpaka akasema njia ipo wazi. Nyuma tukaweka nyekundu. Halafu akaomba kimoja kidogo ndani, pale anapokaa dereva.

"Cha nini?" nikamuuliza. "Hakuna mtu humo."

"Weka tu. Ili aone kuna mtu."

Honi ilichukua muda mrefu kuliko vyote. Tulisikiliza za mtandaoni, treni za dunia nzima, naye akawa anazikataa. Hii ya India. Hii ya Marekani, haina adabu. Hii imekaribia, lakini sauti yake ya chini haina mafua. Za kwetu za zamani hakuna aliyewahi kuzirekodi, na vichwa vyenyewe vilishakatwakatwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa alipokuja siku moja amekumbatia gunia. Alikuwa amezunguka kwa wauza vyuma chakavu Temeke, uwanja kwa uwanja, mpaka akazikuta tarumbeta mbili za honi za kichwa cha aina ileile, zimejaa kutu na kiota cha nyigu. Tukazisafisha kwa mafuta ya taa. Tukazipeleka kwa fundi pancha jirani, mwenye mashine kubwa ya upepo, tukaunga mpira.

"Mzee, una uhakika?" yule fundi pancha akauliza. "Isije ikapasuka hii, niache wajane."

"Fungua upepo," Dereva akasema.

Akashika koki mwenyewe, akafumba macho. Mbili fupi. Moja ndefu. Kikohozi. Nilikuwa nimeshika simu narekodi na bado niliruka. Barabarani mwanaume mmoja alidondosha mfuko wa mchele akakimbia, na hakuna reli pale, reli iko mbali kule. Mama muuza mboga alitutukania wazazi wetu wote. Sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilipomgeukia Dereva, nikaona analia, waziwazi, mbele ya matairi na watu, wala hafuti.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hiyo."

Tuliiwasha kwa mara ya kwanza Jumapili mchana, baada ya ibada. Reli tulizitandika chumbani kwa mgonjwa, zikazunguka, zikapita mvunguni mwa kitanda na kutokea upande wa pili. Tatu alikuwa kwao. Tukashusha pazia chumba kikawa na giza la kutosha. Mama Rehema alikuwa amelala amegeukia ukuta, alivyokuwa akilala siku zote.

Kichwa kikaanza kunguruma taratibu, kama alivyotaka, mngurumo wa injini inayoshuka bila haraka. Kikaondoka. Taa ya njano ikaingia mvunguni, ikatoka, ikapanda ukutani mbele ya macho yake na kupita. Akageuza shingo. Dereva aliniangalia, kidole chake kiko juu ya rimoti, akabonyeza honi.

Mama Rehema alikaa. Mwenyewe, kwa mkono ule mmoja mzima, mwanamke ambaye tulikuwa tukimwinua wawili. Na macho yake yakawa macho ya mtu mwenye akili zake, sijui niseme vipi, kulikuwa na mtu ndani. Dereva akapiga magoti kando ya kitanda.

"Umesikia, mke wangu?"

"Nimesikia." Alinong'ona, kwa haraka. Akamshika ukosi wa shati, akamvuta karibu. "Huyo ameshapita Vingunguti. Amka utoke."

"Nani atoke?"

"Wewe! Pitia uani, mbele majirani watakuona. Na viatu vyako, usiniachie tena viatu kama siku ile."

Treni ilikuwa bado inazunguka. Iliingia mvunguni, ikatokea, taa ikapita usoni kwa Dereva, ikaenda.

"Toka basi, baba," akasema, na sasa alikuwa anamsukuma kifuani. "Unataka aniue?"

Dereva akabonyeza, sauti ikakatika, taa zikazimika. Mama Rehema akabaki ameshika shuka, anasikiliza mlangoni, midomo inamcheza. Polepole uso wake ukalegea, yule mtu wa ndani akaondoka, na alipomwona tena mwanaume aliyepiga magoti mbele yake akamwambia kwa upole, "Karibu uketi. Mwenyewe yupo kazini."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilifungua pazia kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

"Fundi," Dereva akasema, hajainuka, "ile kapasita uliikaza vizuri? Naona taa ilicheza pale kwenye kona."

"Nitaiangalia, mzee."

"Iangalie." Akanisindikiza mpaka getini, akanishukuru kwa kazi, akafunga komeo.

Nilimchukia yule mama. Nasema ukweli wangu. Niliwaza yale maji ya kuoga, wale wachumba wa jumuiyani wanaopiga makofi, na mzee aliyezunguka Temeke nzima kutafuta chuma cha kumfukuzia mwanaume mwingine. Niliwaza hivyo siku nyingi. Halafu, bila kutaka, nikaanza kuwaza msichana katika vyumba viwili, treni zinapita ukutani usiku na mchana, mume harudi, na akirudi analala, na akiamka anaondoka. Chuki ikaniishia, sikubaki na kitu cha kuweka mahali pake. Ni nani yule mwanaume sijui, na Dereva sidhani kama aliwahi kujua.

Dereva alipotea kazini kwangu. Treni aliirudisha kwenye boksi. Jumuiyani walipomletea vijana wengine alisema koo linamsumbua. Tatu aliniambia siku moja, ananong'ona kama anasema siri ya mtu, "Mzee siku hizi anamwogesha kimya. Alikuwaga hanyamazi yule, anamhadithia stesheni zote mpaka Kigoma. Sasa kimya. Hata mie naogopa." Alikuwa bado anamwogesha. Alikuwa bado anambadilisha, anamkata kucha, anampaka mafuta miguuni. Siku moja tu alikuja Buguruni, akasimama mbele ya meza yangu bila kuketi.

"Nilikuwa naipiga kwa nguvu," akasema. "Siku za upepo nilikuwa narudia, ili asikie vizuri."

Ile kauli yake ya breki ingeweza kunisaidia, lakini hata yeye hakuisema. Akaenda zake, akasimama muda mrefu pale ukingoni mwa barabara.

Kilichomrudisha ni chakula. Mama Rehema aliacha kula. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Alifunga mdomo tu. Uji ukiletwa anausukuma kwa adabu. "Siwezi kula kabla mwenyewe hajarudi," alisema. Dereva akamwambia amesharudi, akamwonyesha picha, akamwonyesha pete. "Wewe kula, baba, usinisubiri. Mimi namngoja." Kwenye zahanati walimtundikia dripu, akaing'oa. Daktari akasema kuna mpira wa kupitishia chakula puani, lakini kwa umri huu na hali hii, akaacha sentensi hapo. Rehema akawa anapiga simu kila asubuhi anaomba aletewe mama yake sikioni, na mama anamuuliza huyo ni nani. Akawa anakwisha mbele ya macho yetu. Mkono ule mzima ukawa mwepesi mpaka unaogopa kuushika.

Basi jioni moja Dereva alinipigia. "Pita," akasema, na safari hii yeye ndiye aliyepiga.

Nilikuta reli zimetandikwa. Treni iko juu yake, imefutwa vumbi. Bakuli la uji lilikuwa kwenye kistuli, limefunikwa kwa sahani. Dereva alikuwa na shati bila koti, miguu peku. Viatu vyake alikuwa ameviweka chini, kando kabisa ya kitanda, vimeelekezwa mlango wa uani. Nilivitazama viatu vile nikaelewa, nikamwambia mzee, usifanye hivi, tutamrudisha hospitali.

"Kaa hapo karibu naye," akasema. "Asije akaanguka akiinuka."

Akashusha pazia. Njano ikapita ukutani. Honi ikalia, mbili fupi, moja ndefu, na kikohozi chake.

Mama Rehema akainuka, nikamkinga mgongo. Akamtafuta mwanaume aliyekuwa kando yake kwa mkono, akampata. "Anakuja," akasema. "Amka. Toka upesi."

"Haya," Dereva akasema. "Natoka."

"Viatu."

"Nimevichukua."

Akaviokota, akapita jikoni, nikasikia mlango wa uani unafunguliwa na kufungwa polepole, kwa adabu ya mtu asiyetaka kusikika. Nikasimamisha treni. Kupitia ufa wa pazia nilimwona nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na tangi, viatu mapajani, anatazama saa yake. Alikaa pale. Kitandani Mama Rehema alikuwa na shughuli nyingi: alinyoosha shuka, akaivuta foronya, akajifunga kanga upya kwa mkono mmoja, nikamsaidia fundo. Akajifuta shingo. Hakuniuliza mimi ni nani. Uani Dereva akavaa viatu, akavaa koti alilokuwa ameliacha kwenye kamba, akafunga vifungo vyote, akainuka kwa shida, akazunguka nyumba.

"Hodi," akasema kwenye mlango wa mbele.

"Karibu," mkewe akaita. "Karibu, Baba Rehema."

Akasimama mlangoni mwa chumba. Hilo jina hakuwa amelisikia kwake tangu ugonjwa uanze, na sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama vifungo vya koti.

"Pole na safari," mkewe akasema.

"Nimeshapoa."

"Mbona umekonda hivyo? Kaa. Chakula kipo, nilikuwa nakungoja tule."

Akaketi, akafunua bakuli, akachota uji. Kijiko kilipofika mdomoni mkewe alirudisha kichwa nyuma kidogo, akamtazama mumewe machoni, kwa hofu aliyojaribu kuificha, na namna ya kuificha alikuwa ameshaisahau.

"Hukupishana na mtu hapo nje?"

Dereva alikoroga uji, akauinua tena.

"Sijaona mtu, mke wangu," akasema, na mkewe akafungua mdomo.